Kitabu Kije Kabla ya Mgeni Rasmi

Risala ya wasomaji kwa Mwenyekiti na Kamati Tendaji ya Chama, kuhusu mijadala ya vitabu na mihadhara ya utamaduni. Imesomwa katika Mkutano Mkuu wa mwaka, Tanga.



Tulioleta risala hii tu makundi mawili. Wamo wanachama wenye kadi na wanaolipa ada, na wamo wasio na kadi ambao wamekuwa wakihudhuria kwa sababu Chama kilitangaza kwamba mlango uko wazi kwa umma. Tuko walimu, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, akina mama wa Ngamiani, wastaafu wa bandari na wa reli, mafundi cherehani wawili na muuza vitabu chakavu mmoja. Tumekutana mara tatu kuandaa maneno haya. Hakuna lililoingizwa humu kabla ya wote kuliridhia.

Tunashukuru kwanza, na shukrani hizi si za mdomoni. Kabla ya Chama kufungua ukumbi wake, wengi wetu tulisoma vitabu chumbani peke yetu, tukavimaliza, na tusiwe na wa kumwambia kilichotuchoma. Humu ndimo baadhi yetu tulimoona kwa mara ya kwanza mtu tusiyemjua akikasirikia mhusika yule yule tuliyemkasirikia sisi. Jambo kama hilo halina bei. Lingekuwa halina thamani kwetu, tungeacha tu kuja, kama wenzetu kadhaa walivyokwisha kuacha, na msingesikia neno.

Ndugu Mwenyekiti, malalamiko yetu yana mzizi mmoja: mijadala ya vitabu ya Chama chetu inafanyika bila vitabu.

Tueleze inavyokuwa. Tangazo hutoka siku tano au sita kabla. Juu kabisa pana picha ya mgeni rasmi, chini yake picha ya mtoa mada, na jina la kitabu limebanwa pembeni kwa herufi ndogo. Tukiona tangazo tunaanza kukitafuta. Maduka ya mjini yanauza vitabu vya shule na madaftari. Maktaba ikiwa nayo, ni nakala moja ya kusomea humo humo. Mwenzetu wa vitabu chakavu hupekua marundo yake, na akibahatika hupata moja yenye kurasa zilizonyofoka. Siku ya mjadala inafika, ukumbi umejaa, na ukiuliza safu kwa safu nani amekisoma kitabu, mikono inayoinuka unaweza kuihesabu kwa vidole.

Kwa hiyo mtoa mada hana budi kusimulia hadithi yote. Anasimulia dakika arobaini. Waliosoma wanachoka, na wasiosoma wanaondoka wakidhani wamesoma. Hili la pili ndilo linalotuumiza zaidi. Wanafunzi wetu wa kidato cha tano na cha sita wamepangiwa riwaya za Vuta N'kuvute na Kufikirika, lakini wengi wanachokamata mkononi ni vile vitini vya uchambuzi vinavyouzwa stendi: dhamira hizi, wahusika hawa, mbinu za kisanaa hizi, kariri, nenda kajibu. Mwalimu mmoja kati yetu amesahihisha insha ambamo mwanafunzi alitaja dhamira zote za riwaya asijue inavyomalizika. Tuliwaleta watoto hawa kwenye Chama wapate kitu ambacho kitini hakiwapi. Wamekuta kitini kikubwa zaidi, kinachosomwa kwa kipaza sauti.

Tunaomba mruhusu tusimulie siku moja tu, mjadala wa Kuli.

Kila mwenye mapenzi na fasihi ya Kiswahili anaijua riwaya hiyo ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, juu ya makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Chama kilifanya vyema sana kuichagua kwa mji kama huu, mji wa bandari na mkonge. Lakini mjadala uliwekwa Jumatano, saa nne asubuhi. Mfanyakazi gani wa bandari anaweza kuacha zamu yake saa nne asubuhi ya Jumatano kuja kusikiliza habari za mfanyakazi wa bandari?

Alikuja mmoja, kwa kuwa amestaafu. Hatutamtaja jina, mwenyewe hakutaka. Alikaa safu ya mwisho karibu na dirisha, na kitabu chake mapajani. Jalada lilikuwa limeng'oka, akalishona kwa uzi wa mkonge, mishono mikubwa mikubwa kama ya gunia, na ndani alikuwa amechomeka vipande vya gazeti mahali alipotaka kusemea. Tulivihesabu vipande hivyo, vilikuwa saba.

Itifaki ilichukua zaidi ya saa nzima. Walitambulishwa waliokuwepo, wakatambulishwa na waliotuma udhuru. Mgeni rasmi akatoa hotuba nzuri juu ya umuhimu wa kusoma, akaaga kwa kuwa alikuwa na kikao kingine, na nusu ya safu ya mbele ikatoka naye. Mtoa mada akasimulia hadithi, kisha akaingia kwenye nadharia ya Umaksi, na mengi aliyosema yalikuwa ya maana. Ilipofika zamu ya wasikilizaji, mshereheshaji akasema muda umetutupa mkono, watatu tu, kwa ufupi. Wote watatu walitoka mbele. Mzee yule alikuwa ameinua mkono tangu mwanzo, ukamchosha, akaushika kiwiko kwa mkono wa pili usishuke. Mjadala ukafungwa mkono ukiwa juu.

Tulimfuata nje, tukakaa naye chini ya mwarobaini. Akafungua kipande cha kwanza cha gazeti, mahali makuli wanapokaa kupanga mgomo, akatueleza jambo ambalo hakuna aliyelisema ndani. Katika bandari yetu, enzi zake, meli haikufunga gatini. Ilitia nanga mbali ghubani, na shehena yote ikashushwa na kupandishwa kwa matishari. Marobota ya katani yalitoka gatini kwa tishari, yakainuliwa na winchi kuingizwa melini, na watu wa tishari walifanya kazi hiyo huku chombo kikipanda na kushuka na mawimbi chini ya miguu yao. Akasema watu hao wakikaa kitako, hata gunia moja halifiki nchi kavu, na kwa hiyo mgomo hapa haukuhitaji watu wengi kama kule ambako meli inalala ubavuni mwa gati. Kisha akatukumbusha kwamba makuli wa Tanga wenyewe waligoma mwaka 1939, miaka tisa kabla ya wale wa Unguja. Yeye hakuwepo, lakini aliyapata kwa baba yake, akiwa mtoto, usiku, taa imepunguzwa.

Ndugu Mwenyekiti, tulikaa ukumbini karibu saa tatu kujadili mgomo wa makuli, umbali mfupi tu kutoka bandari ya Tanga, na mgomo wa 1939 haukutajwa hata mara moja. Aliyeujua alikuwa safu ya mwisho. Vipande vingine sita vya gazeti hatujui vilikuwa na nini, maana mzee alisimama kwenda kuswali Adhuhuri, akaagana nasi, na tangu siku hiyo hajarudi. Hatuleti habari hii ili mtu aone haya. Tunaileta kwa sababu tumempoteza, na tunataka arudi.

Kwa hiyo dai letu la kwanza, ambalo tukipewa hilo peke yake tutaondoka na furaha: kitabu kitangazwe mwezi mmoja kabla, na nakala zisizopungua kumi ziwekwe mahali watu wanapoweza kuazima kwa kuandika jina na mtaa. Zinunuliwe. Hatutaki kitabu kizima kitolewe kivuli kwenye mashine. Mwandishi wa Kiswahili ana watoto wa kusomesha, na mchapishaji asipouza hatachapa kingine. Mjadala ukiisha, nakala zihamie shule moja, kisha nyingine, na Chama kitakuwa kimejenga maktaba huku kikijadili.

Tunajua jibu litakalokuja, kwamba fedha hazitoshi. Hatumtuhumu mtu yeyote ubadhirifu, na Mweka Hazina wetu tunamheshimu. Lakini macho tunayo. Tumeona bango jipya linachapwa kila mjadala, lenye tarehe, lisiloweza kutumika tena. Tumeona fulana, tumeona katoni za maji, tumeona bahasha. Tunadai mapato na matumizi ya kila mjadala yabandikwe ukutani hapa hapa, na bango liwe moja la kudumu lisilo na tarehe. Kinachookolewa kiende kwenye vitabu. Na siku ambazo nakala hazikutosha, turudie desturi ya wazee wetu waliosomeana tendi barazani, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza, wakimkatiza, wakibishana juu ya neno. Mwezi mzima wa kusomeana jioni, kisha mjadala. Ukumbi unalala bure siku nyingi za wiki, na umeme wake tunaulipia kwa ada zetu.

La pili ni nani anayepewa nafasi ya kusema. Tunaomba waliosoma kitabu waanze, kabla ya mtoa mada, kila mmoja dakika tatu, akiwa amefungua ukurasa anaousemea. Mtoa mada azungumze baada yao. Akiwa msomi kweli, na wengi tuliowapata ni wasomi kweli, atafurahi kupata watu wa kujibizana nao. Mgeni rasmi, kama ni lazima awepo, aje akiwa amesoma, na akae hadi mwisho. Kama hana muda huo, salamu zake zitufikie kwa barua na zitasomwa kwa heshima. Saa iwe baada ya Alasiri, siku ya Jumamosi. Akina mama wameomba mjadala ufungwe kabla ya Maghrib ili warudi makwao kungali na mwanga, na wameomba hivyo mara nne. Ngazi za ukumbini nazo zinawashinda wenye magongo na baiskeli za walemavu, na chumba cha chini kinatosha.

Sasa mihadhara ya utamaduni, na hapa ni akina mama ndio waliotutuma tuseme bila kupunguza.

Ulifanyika mhadhara juu ya taarab ya Tanga. Mji huu ulitoa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyochukua gitaa la umeme na kuliingiza kwenye taarab, vikapunguza wingi wa ala, na mtindo wao ukasambaa hadi Mombasa na Dar es Salaam. Mwimbaji Shakila, aliyefariki mwaka 2016, sauti yake ilitoka humu. Mhadhara ulidumu saa mbili. Hatukusikia hata wimbo mmoja. Pale mezani waliketi wanaume wanne. Mama mmoja wa Ngamiani, ambaye ujana wake wote alikuwa akiitikia kwenye vikundi vya hapa mjini, alikuwepo ukumbini. Alikuwa ameombwa alete maandazi na chai. Alipakua, akamimina, akakusanya vikombe, na wakati anaviosha kule nyuma alikuwa akiimba polepole, maji yakimwagika, nyimbo zile zile ambazo mezani zilikuwa zikitajwa kwa majina tu. Watu wawili waliokuwa karibu na mlango wa jikoni ndio pekee waliosikia taarab ya Tanga siku hiyo.

Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mtoto wa watu wasio na kitu, akauza vyungu, akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Habari zake tunazisoma leo kwa sababu Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani hapa Tanga, aliona maisha ya mwimbaji yanastahili kitabu. Wasifu wa Siti binti Saad ulichapishwa mwaka 1958, miaka minane baada ya kifo chake. Waimbaji na waitikiaji wa Tanga waliobaki ni wachache na umri umekwenda. Tunadai mhadhara huo urudiwe mwaka huu, wao wakiwa mezani, ala ziwepo, na posho wapewe sawa na mhadhiri yeyote. Chai tutapika sisi. Na iwe kanuni tangu sasa kwamba mhadhara wowote wa jambo ambalo wenyewe wako hai mjini petu, uwe wa ngoma, wa ususi wa mikeka, wa uganga, wa uvuvi wa dema, usifanyike bila mwenye jambo kuwa mmoja wa wazungumzaji.

Kuhusu lugha hatutasema mengi, kwa sababu hatuamini kwamba Chama kinahitaji kuelezwa hili. Mjadala wa riwaya ya Abdulrazak Gurnah ulifanyika kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho, kwa ajili ya wageni wawili kutoka Ulaya. Riwaya hiyo, Paradise, ilitoka mwaka 1994. Tulisubiri hadi 2022 ndipo Ida Hadjivayanis akatupatia tafsiri yake, Peponi, iliyochapwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Tafsiri ilikuwepo, imelipiwa jasho, na haikufunguliwa. Ni hadithi ya kijana Yusuf aliyetolewa na babake kwa tajiri kwa ajili ya deni. Ngamiani hakuna haja ya kumfafanulia mtu rehani ni nini. Hadithi inafika hadi askari wa Mjerumani na vita vinavyokaribia, na Tanga ndiyo iliyopiganiwa Novemba 1914. Zipo familia hapa zinazohifadhi masimulizi ya vita hivyo. Watu hao walikaa kimya jioni nzima mbele ya kitabu kinachowahusu. Tunadai lugha ya ukumbi iwe Kiswahili. Mgeni asiyekijua akalishwe kando ya mtu wa kumnong'oneza tafsiri, na tuko sita hapa tulio tayari kuifanya kazi hiyo bila malipo.

Limebaki moja zito. Ndugu Mwenyekiti, mijadala yote iliyofanyika tangu mlango ufunguliwe, yako wapi yaliyosemwa? Tulimwomba Katibu kumbukumbu, akatuonyesha kwa uungwana mkubwa alichonacho: orodha za mahudhurio, zenye sahihi na namba za simu. Nani alisema nini, hakuna.

Mashairi ya Muyaka bin Haji tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya vinywani mwa watu miongo mingi baada ya mshairi kufa, akampa mmisionari Taylor, na mhariri Hichens akayachapa mwaka 1940. Asingeketi na kalamu, yangekwisha na waliokuwa wakiyajua. Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930 chini ya wakoloni ilikuwa na kasoro zake, na Waafrika walichelewa kuingizwa humo, lakini iliandika na kuchapisha, na kwa hiyo hata ugomvi wake juu ya maneno tunaweza kuusoma. Sisi, watu huru, wenye simu za kurekodia mifukoni, hatuna ukurasa mmoja.

Tunadai kila mjadala uwe na waandishi wawili, mmoja mzee na mmoja mwanafunzi, na ndani ya wiki mbili maandishi yao yawekwe kwenye jalada ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua. Sauti zirekodiwe kwa ridhaa ya wasemaji. Mwisho wa mwaka Chama kichape kijarida, hata cha kurasa ishirini, hata cha karatasi za kawaida zilizobanwa kwa pini. Na ukurasa wa kwanza wa kijarida cha kwanza tunaomba upewe mzee wa Kuli, akikubali. Tumekwisha kutuma mtu kwake.

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku thelathini. Hatutasusia mijadala wala kufungua chama kingine. Tutaendelea kuja, tutaendelea kulipa ada, na wasio na kadi miongoni mwetu wameazimia kuzichukua ili mwakani wapige kura.

Chama kimetangaza kwamba kitabu kinachofuata ni Kufikirika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kuzikwa. Tumepata nakala mbili, moja haina kurasa za mwisho. Tumeanza kusomeana Alhamisi iliyopita baada ya Alasiri, barazani kwa mmoja wa mafundi cherehani, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili. Tumefika pale Mfalme anapowakusanya waganga kwa sababu hana mtoto. Walikuwepo watu kumi na tisa, na wawili kati yao walikuwa wapita njia. Tunawakaribisha wajumbe wote wa Kamati Alhamisi hii. Mkeka upo, na mwenye nakala nzima tunamwomba aje nayo.

Wenu katika kazi ya Chama,
Wasomaji walioteuliwa kuiandaa risala hii